Mteja wa Ghorofa ya Nne

Mji mzima ulimjua kwa jina la Taratibu, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akihamisha watu nyumba, yeye na lori lake dogo la kijani, na katika miaka hiyo yote halikushuka kabati kwenye ngazi bila yeye kuwa chini yake akiimba, "Taratibu jamani, taratibu." Kabati likiwa tupu, taratibu. Likiwa godoro, kitu ambacho hata ukikitupa dirishani hakiumii, taratibu vilevile. Hata lori lenyewe lilikuwa limeambukizwa, maana kwenye vilima lilipitwa na baiskeli, na mwenyewe hakuona haya.

Kazini alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ni kwamba mteja hataji anakohamia mpaka mzigo wote uwe garini na injini imewaka. Hii walimfundisha wateja wenyewe. Mmoja anamkimbia mwenye nyumba, mwingine jirani mwenye mdomo, mwingine wifi aliyekuja kusalimia siku mbili akakaa miezi mitano. Ukitaja mtaa mpya kwenye ngazi, kochi halijafika chini na habari iko sokoni.

Ya pili ni kwamba mhamishaji haulizi kwa nini. Hii ilimkuta mwaka wake wa kwanza. Alimuuliza bwana mmoja, kwa nia njema kabisa, ya kunogesha mazungumzo tu, mbona wanahama nyumba nzuri kama ile. Bwana akajibu kwamba ilikuwa mbali na kazini. Mkewe, aliyekuwa akifunga vyombo, akasema aa, aseme kweli, ni kwa sababu ya mama yake. Ilipofika saa sita mchana vyombo vilikuwa mafungu mawili barabarani, sufuria huku, mifuniko kule, na Taratibu akapiga safari mbili pande mbili za mji. Tangu siku hiyo mdomo wake ulifungwa kufuli.

Lakini watu hata usipowauliza husema. Humwambia mhamishaji mambo ambayo hawamwambii daktari, labda kwa kuwa ameshaona chini ya vitanda vyao. Kwa kusikiliza tu, Taratibu alifikia uamuzi kwamba hakuna anayehama kwa sababu ya nyumba. Paa likivuja, watu huweka beseni na maisha yakaendelea. Choo kikikosa mlango, hutundika pazia na kujifunza kukohoa. Anayemng'oa mtu ni mtu. "Watu hawahami nyumba," aliwaambia wapakiaji wake wawili, "watu wanahama watu." Aliwaambia hivyo akicheka, nao wakacheka, maana kwenye yadi ya Taratibu, pale lori lilipolala na kazi zilipopokelewa, kucheka kulikuwa sehemu ya kazi.

Wapakiaji hao mmoja aliitwa Kimya, kwa sababu alisema kutwa nzima bila kumeza mate. Mwingine alikuwa mdogo wa mke wa Taratibu, na kwa kuwa bosi alimwita Shemeji, mji wote nao ukamwita Shemeji, hata watu ambao hawakumwoa dada yake.

Taratibu mwenyewe aliishi ghorofa ya nne, juu kabisa, vyumba viwili na jiko, nyuma ya shule ya msingi. Ngazi themanini na moja. Ungemuuliza kama anapapenda, angekujibu kwamba hapana neno, na angesema kwa sauti ileile ambayo mtu huitumia kuzungumzia soksi zake. Alipanga pale miaka kumi na tisa iliyopita kwa sababu siku hiyo palikuwa wazi na kitanda kilipita mlangoni. Mkewe alishona sare za shule kwenye cherehani iliyokaa katikati ya chumba, kwa vile dirisha lilikuwa dogo na taa ndiyo iliyokuwa jua lake. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa miaka mitatu nyuma. Tangu aondoke, mchana kutwa ndani mle kilichosema ni cherehani tu.

Sasa, mwaka mzima uliopita, mkewe alikuwa akisema neno moja. "Baba, tungehama." Alilisema akipakua chakula, akakaa miezi miwili, akalisema tena akikunja nguo. Na Taratibu, bingwa wa kuhama, alimjibu kibingwa. Mtaa ule ngazi zake nyembamba. Mtaa ule mwingine maji yanatoka kama machozi. Kule kwenye nyumba mpya kuta zinapitisha sauti, utajua jirani anaota nini. Hakuna mtaa aliouacha bila kuutia kasoro, na kila kasoro ilikuwa ya kweli, maana aliwahi kubeba kabati humo.

Ambacho hakufanya hata mara moja ni kumuuliza kwa nini. Alijitetea moyoni kwamba ni mazoea ya kazi. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Yeye ndiye aliyesema watu wanahama watu, na ndani ya vyumba vile viwili waliishi watu wawili tu. Mmoja ndiye aliyetaka kuhama. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeipata, na Taratibu aliipata kila alipopanda zile ngazi.

Jumatano moja mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyekaa ofisini pale yadi akipokea kazi, alimpa karatasi ya kesho yake. Taratibu akaisoma mara ya kwanza amesimama, mara ya pili ameketi. Saa tatu asubuhi. Ghorofa ya nne, nyuma ya shule ya msingi, mlango wa bluu. Mteja mwanamke.

"Mpwa wangu," akasema, "huu mlango ni wangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Na huyu mteja?"

"Mteja ni mteja, mjomba. Hatumuulizi. Wewe ndiye uliyenifundisha." Kisha akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Mtu mwingine angekimbia nyumbani akagonge meza. Taratibu alikwenda mwendo wake uleule, akapanda ngazi zake, akamkuta mkewe anapiga pasi hana hili wala lile. Wakala chakula. Mkewe akamuuliza kama kesho ana kazi. Akajibu anayo. Wapi? Ghorofa ya nne. "Pole," mkewe akasema. "Ngazi nyingi?" Akasema themanini na moja. "Basi lala mapema," akaambiwa, na hapo ndipo maongezi yalipoishia. Kama ni kiburi, walikuwa nacho wote wawili, na hata leo sijui nani alikuwa na kikubwa zaidi.

Asubuhi aliondoka kama kawaida, akachukua lori na watu wake, akarudi, akagonga mlango wake mwenyewe. Mkewe akafungua. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na nyuma yake nyumba nzima ilikuwa imefungwa mafurushi.

"Karibuni," akasema. "Mmechelewa dakika kumi."

"Samahani, mama. Foleni."

Basi wakaanza kubeba. Kimya, mtu ambaye angeweza kuongea akiwa amebeba friji, asubuhi hiyo alikuwa kimya kweli. Shemeji naye alitazama kila kitu isipokuwa uso wa shemeji yake. Taratibu akajua kwamba kuna njama, na kwamba yeye peke yake ndiye hakualikwa.

Lakini mhamishaji aliyebobea ana njia yake ya kujua mambo, nayo ni kusoma mafurushi. Mwanamke anayekwenda mapumziko kwa dada yake hubeba nguo na kuacha sufuria kubwa. Anayeondoka kabisa hubeba sufuria kubwa, akaacha picha ya harusi imeegemezwa ukutani, imegeuzwa uso. Taratibu akaanza kusoma. Sufuria kubwa ilikuwemo. Moyo ukamwenda mbio. Picha ya harusi ilikuwemo pia, imeviringishwa ndani ya blanketi zito, mkanda mara tatu. Moyo ukapunguza mwendo. Alipofika ghorofa ya pili na furushi la nguo begani, fundo likalegea kidogo, akaona kofia yake imelala katikati ya kanga za mkewe. Akasimama pale kwenye kona ya ngazi, akaitazama ile kofia kwa muda, akalifunga fundo upya kwa uangalifu ambao hata vioo hajawahi kuvifungia.

Akapanda tena akiwa mwepesi. Vilibaki vitu vichache. Cherehani waliishusha watu watatu, taratibu, taratibu. Mwisho kabisa akakishika kiti chake. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto uliobonyea umbo lake, kilichokaa kando ya mlango, ambacho kila jioni alikifikia kabla ya kufikia kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

"Hicho kinabaki," mkewe akasema.

"Hiki?"

"Hicho kinabaki, kaka mhamishaji. Nimeshazungumza na mwenye nyumba."

Taratibu akakiweka chini. Akajikaza kisabuni, akafunga mlango wa bluu, akampa mteja funguo kama inavyotakiwa. Kila ngazi aliyoteremka ilimwambia jambo moja: katika miaka ishirini na sita hajaona mwanamke aliyeacha kiti cha mwanaume akamchukua mwanaume. Kofia inaweza kuwa imejipenyeza tu. Kofia ni kitu kidogo. Kiti ni kiti.

Mkewe alikuwa ameshapanda mbele, mkoba mapajani. Shemeji na Kimya wakapanda nyuma juu ya mzigo. Taratibu akaingia, akawasha injini, na sasa palibaki swali moja la kuuliza, swali aliloliuliza maelfu ya mara bila kufikiri, la wapi. Akafungua mdomo.

"Kwa nini?" akasema.

Huko nyuma, Kimya aliangusha kamba.

"Hilo mhamishaji haulizi," mkewe akajibu akiangalia mbele.

"Simuulizi mteja. Namuuliza mke wangu."

Mkewe alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi asubuhi ile, lakini si hilo. "Nilidhani ungeuliza mwaka jana," akasema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Injini ilikuwa ikitetemesha vioo, akalazimika kuinua sauti kusema jambo ambalo alitaka kulinong'ona. "Watu wanahama watu. Ni mimi?"

"Ni wewe," akasema mkewe.

Taratibu akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Na mkewe, akiwa bado anatazama mbele, akamweleza.

Mwaka jana, alisema, Taratibu alisahau nyumbani funguo za stoo ya yadi, naye akaacha cherehani akampelekea. Alipofika getini akasikia mtu ndani anasimulia. Alisimulia habari za kitanda kilichokataa kupita mlangoni, akiigiza sauti ya mwenye nyumba, ya mama mkwe, hata ya kitanda chenyewe, na watu wakavunjika mbavu. Yeye mwenyewe, pale nje, alicheka mpaka akashikilia geti. Akajiuliza huyu nani, jamani, mwenye raha hivi. Akachungulia. Ndipo akaona ni mume wake. Akampa Shemeji funguo, akarudi nyumbani bila kuingia, na kutwa nzima alisubiri jioni kama mtu aliyealikwa sherehe. Jioni yule mtu akapanda ngazi themanini na moja, akasema "mm," akala, akakaa kwenye kile kiti. Mkewe akamuuliza leo ilikuwaje. Akajibu, "Kawaida." Kabla hajamuuliza habari za kitanda, mtu alikuwa anakoroma.

"Wewe hukai pale juu, Baba," mkewe akasema, na sasa akamgeukia. "Pale unalala tu. Unaishi kule yadi. Mimi ndiye ninayeishi pale juu, peke yangu, na mtu aliyelala. Nimechoka. Nataka kuhamia anakoishi mume wangu."

Taratibu alikuwa amewaona watu wakihama kwa kumkimbia mtu, mamia kwa mamia, mpaka akadhani anaijua biashara yake nje ndani. Kwamba mtu anaweza kufunga sufuria na blanketi na cherehani ili amsogelee mtu ambaye tayari ni wake, hilo halikuwahi kumpitia akilini. Akajifanya anakagua kioo cha pembeni.

Kisha, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema ahsante, akaanza kutia kasoro. Kule yadi kuna vumbi. Akaambiwa hata shuleni kuna vumbi. Kuna harufu ya mafuta ya gari. Akaambiwa harufu hiyo ameifua miaka yote hii, wamekwishazoeana. Vyumba vile viwili vya kando ya geti, alivyoviacha fundi matairi alipohama, ni vibovu, vimejaa makamba na mablanketi makuukuu.

"Havina kamba hata moja," mkewe akasema. "Nimefagia, nimepaka rangi, nimetia mapazia. Wiki mbili nimekwenda kila mkiondoka na lori. Shemeji yako ndiye aliyeniachia funguo."

Kutoka nyuma, juu ya magodoro, sauti ya Shemeji ikasema kwamba yeye alilazimishwa na dada yake.

"Wiki iliyopita," mkewe akaendelea, "nilikuja mezani na rangi ya njano mpaka kwenye kiwiko. Ukaiona. Nikakuona unaiona. Hukuuliza."

"Nilidhani ni ugonjwa," Taratibu akasema kwa unyonge, na hapo mkewe akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Akamwambia pia kuhusu dirisha. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara, cherehani ingekaa pale na jua la kweli, na wazazi wa wanafunzi wangeweza kuleta vitambaa bila kupanda ngazi wakihema. Alivyolisema dirisha lile, Taratibu akatambua kwamba hajawahi kumsikia akizungumzia kitu cha nyumbani kwao kwa sauti hiyo. Miaka kumi na tisa, na alikuwa hajamuuliza hata kama anapapenda.

"Na kiti changu?" akauliza, kwa kuwa mtu lazima ajaribu.

"Kile kiti kinakulaza. Kitabaki kimlaze mwenye nyumba."

Basi wakaondoka. Kwenye kilima cha kwanza baiskeli moja ikawapita, na mwenye baiskeli akawapungia mkono. Kimya akapata tena sauti yake na akasema mfululizo mpaka yadi, akieleza jinsi alivyoteseka kushika siri siku kumi na nne, na kwamba mara mbili alilazimika kwenda kumwambia mbuzi wa jirani.

Taratibu alifanya kazi siku hiyo kama kijana wa miaka ishirini. Kitanda kilikataa kupita mlangoni, kama inavyopaswa, wakakivunja vipande vinne wakakiunga ndani. Picha ya harusi ikatundikwa ikashushwa ikatundikwa tena, mteja akiwa amesimama mbali, kichwa upande, akisema kushoto, aa, kulia. Mteja alikuwa mgumu. Alitaka kabati huku, halafu kule, halafu huku tena, na kila mara akatazama jinsi mumewe anavyojipinda chini yake akiimba lile neno lake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekula kitu kitamu polepole. Mpwa akaja na chai kutoka ofisini. Alasiri kila kitu kilikuwa mahali pake na cherehani iko dirishani, juani.

Taratibu akapita chumba hadi chumba akikagua. Akaona hapana kilichovunjika. Akapangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia mteja, akasema kwa heshima zote alizokuwa nazo, "Haya mama, mkae kwa raha." Akatoka nje, akapanda lori, akawasha, akalipeleka mpaka getini.

Hapo akapiga honi, kwa kuwa watu wake hawakuwa wamepanda. Akatazama nyuma. Shemeji alikuwa ameshika ukuta. Kimya alikuwa amekaa chini kabisa, miguu mbele, machozi yanamtoka. Mpwa alikuwa amefunika uso kwa daftari.

"Mnacheka nini?" akawauliza. "Pandeni twendeni."

Dirisha pana likafunguliwa, na mkewe akatokeza kichwa, tepu ya kupimia imening'inia shingoni.

"Kaka mhamishaji," akaita. "Una mzigo mwingine leo?"

"Hapana, mama. Nimemaliza."

"Sasa unakwenda wapi?"

Taratibu akatazama barabara, kisha geti, kisha lile dirisha.

"Nyumbani," akasema.

"Basi zima gari."

Akalizima. Akakaa kidogo mikono ikiwa juu ya usukani, kisha akashuka, na akaanza kucheka kabla hajafika mlangoni.